Damu Isiyotaka Baridi

Fundi wa majokofu alivitia vichupa sita vya damu ndani ya jokofu, na damu ikaharibika. Hakuna namna nzuri ya kulisema jambo hili. Damu ilikuwa ya mdogo wake, imetolewa siku ya kwanza ya homa ya mafua, na siku ya kwanza haiji mara mbili. Aliyeichota alikuwa mpimaji wa maabara, mwanamke ambaye fundi alikuwa amejipanga kwenda kumposa Jumapili. Na bosi wa maabara, Daktari, ambaye ndiye angepelekewa posa, alikuwa mama mkubwa wa mpimaji. Alimlea tangu akiwa na miaka sita.

Kwa hiyo fundi aliwaudhi kwa mkupuo mmoja watu wote wawili aliokuwa akiwahitaji.

Ilikuwa Jumatatu. Kiyoyozi cha maabara kilikuwa kimekufa, na jokofu la dawa nalo lilikuwa linakoroma kama mgonjwa. Fundi akaitwa. Jokofu alilimaliza kabla ya saa nne, akapanda ngazi kuhangaika na kiyoyozi. Akiwa kule juu alimwona mdogo wake, mpaka rangi wa nyumba, akiingia na barakoa, macho mekundu, anatetemeka. Akamwona mpimaji akimkalisha, akimfunga mpira mkononi, akimchoma sindano kwa mkono mwepesi ambao fundi angeweza kuutazama mchana kutwa. Vichupa sita vyenye vifuniko vya kijani vikajaa. Mpimaji akavisimamisha mezani, akamsindikiza mgonjwa, kisha Daktari akamwita ofisini.

Sasa, mtu aliyetumia miaka kumi na saba ya maisha yake kuokoa nyama, maziwa, samaki na chanjo visiharibiwe na joto, hawezi kuona damu imeachwa mezani kwenye chumba kisicho na kiyoyozi akanyamaza. Fundi aliteremka. Akanawa mikono, akavaa glavu, akavibeba vichupa kama mtu abebaye mayai, akavipanga rafu ya katikati, akafunga mlango wa jokofu. Akarudi juu ya ngazi anapiga mluzi.

Mpimaji alirudi baada ya saa moja na nusu.

"Vichupa vyangu viko wapi?"

"Nimekuhifadhia," fundi alisema, uso umemjaa tabasamu. "Viko kwenye jokofu. Digrii nne kamili. Nikasema mwenzangu leo kachoka, kasahau damu kwenye joto."

Mpimaji alifungua jokofu, akatoa kichupa kimoja, akakishika katikati ya viganja vyake viwili kama mtu anayejaribu kumpa joto kifaranga. Akakirudisha. Akafunga mlango polepole mno.

"Teremka," alisema.

"Nimebakiza skrubu mbili."

"Teremka, tafadhali, nisije nikaisukuma hiyo ngazi."

Fundi akateremka. Alikuwa mrefu kumzidi kwa kichwa kizima, lakini pale chini akajiona mfupi.

"Damu ya kazi hii haiwekwi kwenye baridi," mpimaji alisema. "Inakaa mezani. Joto la kawaida la chumba. Inafanyiwa kazi siku hiyohiyo."

"Damu? Mezani? Damu si kitu cha kuoza?"

"Damu ya kumwongezea mtu inakaa kwenye baridi. Hii si ya kumwongezea mtu. Nilikueleza habari za seli uaji asilia, au ulikuwa unaniangalia midomo tu?"

Ukweli ni kwamba alikuwa anaiangalia midomo, ila na maneno aliyasikia. Alimweleza miezi mitatu nyuma, siku fundi na mdogo wake walipojiandikisha kwenye utafiti na kutoa damu yao ya uzima. Utafiti ulitaka watu wanaoishi pamoja, maana mafua yakimpata mmoja, huenda yakamfuata wa pili. Ulitaka damu kabla ya homa, na damu ndani ya saa nane za kwanza za homa. Alimwambia kwamba ndani ya damu kuna seli zinazozunguka mwili mzima zikipapasa seli nyingine, hii nzima, hii nzima, hii vipi? Seli ya mapafu ikivamiwa na virusi vya mafua, alama ya virusi huchomoza juu ya ngozi yake. Seli uaji huishika ile alama, hujibana na mgonjwa, humtoboa, humtia sumu, virusi vinakosa kiwanda cha kuzaliana. Kisha hupiga kelele kuwaita wenzake. Zile seli nyingine zinazosomea adui mmoja mmoja huchukua wiki nzima kuwa tayari. Hizi hufika kwanza.

"Nakumbuka," fundi alisema. "Zile ambazo hazikusubiri shule."

"Hizohizo. Tunazipima zikiwa hai. Tunazipa seli zenye ugonjwa tuone zinaua kwa kasi gani. Umezipoza. Nikizipima leo nitaziona zimelegea, na sitajua kilichozilegeza ni mafua au ni jokofu lako."

Fundi akaliangalia jokofu. Lilikuwa linanguruma vizuri sana. Kazi safi. Alitamani angelitengeneza vibaya.

"Mchome mdogo wangu tena, basi. Ngoja nimfuate, hajafika mbali."

"Ameanza homa saa kumi alfajiri. Sasa ni saa sita. Saa nane zimekwisha." Sauti yake ikapungua. "Tulihitaji watu kumi na wawili. Tuna kumi na mmoja. Msimu wa mafua unaisha. Yeye ndiye alikuwa wa kumi na mbili."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na alikuwa na tabia ya kuingia chumbani akiwa ameshajua jibu.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi," fundi alisema kabla mpimaji hajafungua mdomo.

Daktari alimtazama kuanzia viatu vyenye vumbi mpaka kichwani, akashuka tena mpaka kwenye bisibisi iliyochomoza mfukoni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Niliona joto, nikaona damu, nikafanya ninachokijua."

"Ndiyo tabu ya mtu anayejua kitu kimoja. Dunia nzima anaiona jokofu."

"Mama Mkubwa," mpimaji alisema.

"Kazini mimi ni Daktari."

"Basi, Daktari, amekosa na amekiri. Humu ndani kuna waliovunja mashine wakasema ni panya."

"Kukiri hakurudishi siku ya kwanza ya homa." Akamgeukia fundi. "Nimeangalia damu ya watu kwa miaka ishirini na sita. Miaka minne nimeitafuta hii kazi, na binti yangu nafasi yake ya masomo imefungwa kwenye hii kazi. Tulibakiza mtu mmoja. Mmoja! Kuanzia leo usikanyage humu. Kiyoyozi kikifa tutajipepea kwa makaratasi. Na Jumapili usijisumbue. Nilikuwa najiuliza nitakujibu nini. Umenirahisishia."

Fundi alikusanya vifaa vyake. Hakujitetea. Alikuwa na kasoro nyingi, ila si ile ya kubishana na mtu aliyeumia. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kiyoyozi kimebaki skrubu mbili, Daktari. Kitafanya kazi, lakini kitapiga kelele. Mtu akaze hizo skrubu."

"Toka."

Akatoka.

Jioni mpimaji alimkuta kwenye benchi la kituo cha basi, ng'ambo ya geti la maabara. Alijua angemkuta. Akakaa, akaweka mkoba katikati yao kama ukuta, kisha akauhamishia upande wa pili.

"Nina hasira na wewe mpaka meno yananiuma," alisema.

"Naona."

"Usiseme naona. Sema kitu."

"Nimewaza dawa," fundi alisema. "Mdogo wangu tunakaa naye chumba kimoja. Mafua anayo. Mimi damu yangu ya uzima mnayo tangu miezi mitatu. Nikikaa naye karibu, nikanywea kikombe chake, keshokutwa nina homa. Nakuja mbio, unanichoma, una mtu wa kumi na mbili. Nimeharibu, nimelipa."

Mpimaji alisimama. Watu wawili waliokuwa wakingoja basi wakageuza shingo.

"Rudia."

"Nimesema nikinywea..."

"Ukithubutu! Unadhani mafua ni kuchemua tu? Nimeona watu wenye kifua kama chako wakiwekewa hewa ya mtungi. Hizi seli unazozisifu, zikizidi ukali zinachana mapafu ya mwenyewe. Na utafiti hautaki mtu aliyejiambukiza. Huo ni wizi. Ukifanya hivyo, damu yako naimwaga chooni, na mimi mwenyewe hutaniona tena. Unanisikia, wewe mwanamume?"

"Nakusikia."

"Apa."

"Naapa."

"Unalala wapi leo?"

"Jikoni. Nitamwachia chumba."

"Na barakoa. Na madirisha wazi. Na mikono unanawa kama uliyeshika gesi chafu." Akakaa tena. Fundi akatamani kumshika mkono, asithubutu. Ni yeye aliyeushika mkono wa fundi. "Mtu wa kumi na mbili nitamtafuta. Masomo nitayatafuta. Mwanamume mwingine mwenye akili mbovu kama yako nitampata wapi?"

"Hawapo," fundi alisema. "Nilikuwa wa mwisho dukani."

Mpimaji akacheka bila kupenda, akamwinamishia kichwa begani. Basi lake likaja, likaondoka.

"Na Mama Mkubwa?" fundi akauliza.

"Mama Mkubwa ananipenda kwa kelele. Muda wote anaogopa nitaolewa na mtu nitakayemwonea aibu mbele ya wenzangu."

"Utanionea?"

"Leo nimekuonea." Alimtazama machoni bila kupepesa. "Nikaangalia kama mapenzi yamepungua. Hayajapungua. Nimekasirika zaidi kwa sababu hiyo."

Fundi alitimiza kiapo. Alitandika godoro jikoni kati ya jiko na ndoo, dirisha wazi, barakoa usoni, na mdogo wake akamcheka kutoka chumbani katikati ya kikohozi.

"Kaka, unalala kama paka! Shemeji amekutia adabu."

"Meza dawa ulale."

"Mimi ndiye niliyechomwa bure, lakini anayenuna ni wewe."

"Nyamaza, koo litakauka."

Lakini Jumatano asubuhi, alipokuwa akikusanya vyombo, alikishika kikombe cha mdogo wake kilichobaki chai chini. Alisimama nacho mlangoni kwa muda. Kisha akaimwaga chai, akakichemsha kikombe, akanawa mikono mpaka viwiko. Mtu asiyewahi kushika kikombe kama hicho asimhukumu.

Mafua hayakuomba ruhusa ya kikombe. Huenda yalishamwingia Jumapili, walipokuwa wakila sahani moja kabla hata mdogo mtu hajajua anaumwa. Alhamisi asubuhi fundi alikuwa juu ya bati la bucha, ameshika mita ya gesi, akaona mita inacheza. Akashangaa mita imepata nini. Halafu akagundua ni mkono wake.

Akashuka. Kila aliyejiandikisha alipewa kipimajoto na daftari dogo, na fundi alikuwa akitembea navyo kwenye boksi la vifaa, kati ya koleo na mkanda. Akakiweka kipimajoto kwapani. Digrii thelathini na nane nukta sita. Akatazama saa ya ukutani ya bucha, akaandika kwa kalamu ya kuwekea alama mabomba: saa mbili kamili asubuhi.

Kumbuka hesabu yao. Saa nane. Mwisho wake saa kumi jioni.

Akampigia mpimaji. Simu ikaita mpaka ikakata, maana wapimaji huacha simu kabatini wakiingia chumba cha ndani, na siku ile mpimaji alikuwa ndani mpaka jioni. Saa tatu alikuwa amefika getini, barakoa usoni, mbali hatua nne na mlinzi.

"Huingii," mlinzi alisema. "Samahani, fundi. Amri ya Daktari. Ameiandika, ameibandika. Angalia mwenyewe, na jina lako la kazi limepigiwa mstari."

"Nina homa. Nipo kwenye utafiti. Wananihitaji leo, sasa hivi."

"Ndiyo maana ya amri, fundi. Hata anayehitajika."

"Basi mwambie Daktari."

"Nimwambie Daktari nimekuruhusu umsumbue? Mimi nina watoto wanne."

Kwenye jalada la daftari kulikuwa na namba ya kupiga mtu akianza homa. Fundi akapiga. Ilipokelewa ofisini, na sauti aliijua.

"Daktari, ni mimi fundi, nina..."

"Nilikwambia usijisumbue." Simu ikakatwa.

Akapiga tena. Haikupokelewa. Akapiga mara ya tatu, ikawa hivyohivyo. Akaanza kumwandikia mpimaji ujumbe, mmoja baada ya mwingine.

Mtu mwingine angerudi nyumbani kulala na hasira zake. Fundi alikaa kwenye ngazi za nje ya geti, mgongo ukutani, boksi la vifaa miguuni. Jua likapanda, akapata baridi. Jua likamwangukia usoni, akazidi kupata baridi. Mifupa ilimuuma moja moja kama inayohesabiwa. Mlinzi akamletea maji, akayaweka chini, akarudi nyuma.

"Nenda nyumbani, fundi. Huyo mama habadiliki."

"Sijaja kumbadilisha. Nimekuja kuchomwa sindano."

Alisinzia, akaamka, akasinzia tena. Alipoamka mara ya mwisho mpimaji alikuwa amepiga magoti mbele yake, barakoa imemfika machoni, nyuma ya mkono wake juu ya paji la uso wa fundi. Simu yake ilikuwa mkono mwingine, ujumbe wote sita umefunguliwa. Nyuma yake alisimama Daktari.

"Tangu saa ngapi uko hapa?" mpimaji aliuliza.

"Saa tatu."

"Saa tatu asubuhi?" Akageuka. "Mama Mkubwa, alikuwa hapa tangu saa tatu!"

"Kazini mimi..." Daktari alianza, akaiacha sentensi njiani. Alivaa barakoa na glavu, akasogea. "Niangalie, fundi. Nikuulize jambo, na unijibu kama unavyomjibu Mungu. Umejitafutia ugonjwa huu?"

"Hapana."

"Hukunywa kikombe chake?"

"Nilikishika, Daktari. Jumatano. Nikakiangalia sana. Nikakimwaga."

Mpimaji alifumba macho. Daktari hakufumba.

"Kwa nini unaniambia kwamba ulikishika? Sikukuuliza hilo."

"Umesema kama ninavyomjibu Mungu. Nikaona yeye tayari anajua."

Mlinzi akakohoa, na kikohozi chake kilikuwa na kicheko ndani. Daktari akachukua daftari, akalifungua. Fundi aliona akitazama saa ya mkononi, akatazama daftari, akatazama saa tena.

"Homa ilianza saa mbili," alisema polepole. "Sasa ni saa kumi na nusu."

Kila mtu alijua hesabu, hata mlinzi, ambaye alikuwa amekaa nao miaka minne.

"Nusu saa ni nini?" mlinzi akasema. "Fundi alikuwa anatetemeka, pengine alisoma saa vibaya. Andikeni saa tatu, aliponifikia. Mimi nitashuhudia."

Hakuna aliyemkemea. Hapo ndipo fundi alipoelewa jinsi lilivyokuwa jambo zito. Kalamu ilikuwa mkononi mwa Daktari. Mpimaji alikuwa akimtazama fundi, na ndani ya macho yale aliona masomo yake, miaka minne, vichupa sita, na Jumapili. Neno moja lingerudisha vyote. Na lingetoka mdomoni mwake bila tabu, maana mdomo ulikuwa umekauka na kichwa kinazunguka, nani angemlaumu?

"Ilikuwa saa mbili," fundi alisema. "Saa ya bucha haikosei, mwenye bucha ni mtu wa kufunga kwa dakika. Jumatatu niliwaharibia kwa ujinga, Daktari. Leo nisiwaharibie kwa akili."

Daktari alifunga daftari, akalitia mfukoni, akamgeukia mlinzi.

"Nani alikata simu asubuhi?"

Mlinzi akaangalia viatu vyake.

"Ni mimi niliyekata," Daktari alisema. "Nilipokea namba ya wagonjwa, nikasikia sauti ya mtu niliyemkasirikia, nikasahau kwamba ile namba si ya hasira zangu. Yeye kaharibu vichupa sita kwa kutojua. Mimi nimeharibu mtu mzima, na ninajua kila kitu." Akavuta pumzi. "Samahani, fundi."

"Imekwisha, Daktari."

"Haijaisha. Simama, twende ndani. Haitahesabiwa kwenye siku ya kwanza, lakini nataka kuziona seli zako."

Alimchoma yeye mwenyewe. Mpimaji alisimama nyuma ya kiti, mkono begani kwa fundi, na hakuna aliyemwambia autoe. Kiyoyozi kilikuwa kinapiga kelele.

"Hamkukaza zile skrubu," fundi alisema.

"Kunja ngumi," Daktari alisema. "Binti yangu ananiambia unajivunia kwamba seli hizi hazikwenda shule."

"Nilitania, Daktari. Kwa kuwa nami niliishia darasa la saba."

"Umetania vibaya. Nani kakwambia hazifunzwi? Hufunzwa. Somo moja tu, zikiwa bado changa." Kichupa cha kwanza kikajaa, akakipokea, akakigeuzageuza taratibu. "Hufunzwa kumjua wa nyumbani, zisimguse. Isiyojua somo hilo haipewi ukali. Mimi nina shahada tatu, na Jumatatu somo lile nilifeli." Akachomoa sindano, akabana pamba. "Bana hapo. Jumapili hii usije, utatuambukiza wote. Njoo ya tatu kutoka leo. Uje na wazee wako, na uje umeoga."

Mpimaji akambana fundi bega mpaka likauma. Fundi hakulalamika. Mwili wote ulikuwa unauma, bega lilikuwa na sababu.

Ijumaa mchana mpimaji alimpigia simu kitandani.

"Umekunywa maji?"

"Nimekunywa kama ngamia. Mdogo wangu ndiye ananiuguza sasa, analipiza kisasi kwa uji. Niambie, zangu zikoje?"

"Nimezihesabu mara tatu. Kwenye damu zimepungua, zimebaki chini ya nusu ya zile za miezi mitatu nyuma."

"Zimekufa?"

"Hazijafa, mpenzi. Nadhani zimeondoka barabarani, zimekwenda mapafuni, kwenye kazi. Zilizobaki kwenye damu zimewaka. Nilizipa seli zenye virusi, zikazimaliza kabla sijamaliza chai. Nilikaa nazitazama kwenye hadubini. Nikasema, hawa ndio wanaonirudishia mtu wangu."

Fundi aligeukia ukuta ili mdogo wake asimwone uso.

"Na masomo yako?" aliuliza.

"Nimeshawaandikia barua. Nafasi imekwenda kwa mwingine."

"Pole."

"Usinipe pole, nipe muda. Nataka mtu wa kumi na mbili nimchome mwenyewe, niimalize kazi hii, ndipo nivae gauni. Siolewi na deni la kazi mgongoni. Utangoja?"

"Nitangoja."

"Hujauliza mpaka lini."

"Kwani ungesema muda gani nikakataa?"

Aliposikia hivyo mpimaji alicheka, na kile kicheko kilimfanyia fundi kazi kuliko vidonge.

Alipona. Jumapili ya tatu wazee wake walipokelewa, na Daktari aliwafungulia mlango kwa mkono wake. Hilo lilikuwa limegharimu hivi. Vichupa sita vya mdogo mtu havikupimwa. Vya fundi vilipimwa lakini havikuhesabiwa, kwa nusu saa. Utafiti ulifunga msimu na watu kumi na mmoja. Mpimaji alipoteza nafasi ya masomo, na iliyofuata ilikuwa ya mwaka uliofuata. Fundi alipoteza siku kumi na moja za kazi, kilo nne za mwili, na mwenye bucha, aliyetafuta fundi mwingine. Daktari aliomba samahani mbele ya mlinzi, kitu ambacho katika miaka ishirini na sita hakikuwahi kumtoka. Na harusi ilingoja miezi tisa na siku nne, mpaka msimu mwingine wa mafua ulipoanza na mwalimu mmoja mstaafu akaingia pale getini, anatetemeka, saa mbili na dakika kumi tangu homa ianze.